Wanawake tunaoishi Marekani na kibali cha kubeba bastola: tupeane uzoefu

Dada zangu mlioko Marekani, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo kwenye vikao vyetu huzungumzwa kwa kunong'onezana: mwanamke kubeba bastola iliyofichwa kwa ajili ya kujilinda, na sheria zinazosema nani anaruhusiwa na wapi. Mabishano ya vyama vya siasa tuyaache. Kila mmoja aeleze jimbo analoishi, alichoamua na sababu zake.

Naanza mimi wa Houston. Ninatunza wazee majumbani, mara nyingi zamu ya usiku, na hutoka kazini saa ambazo maegesho huwa hayana mtu. Hapa Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 na asiyekuwa na zuio la kisheria anaweza kubeba bastola bila kibali chochote, kwa hiyo watu wengi walinishangaa nilipolipa ada na kwenda darasani. Nilikwenda kwa sababu sikuwa nimewahi kushika silaha maishani. Mtihani wa kulenga shabaha ni risasi 50 kutoka umbali wa yadi 3, 7 na 15, na kwa kweli haukunitoa jasho. Kilichonifungua macho ni pale mwalimu alipomwomba mwenzetu mmoja atoe bastola ya mpira kutoka kwenye mkoba wake, kama anavyoubeba kila siku. Zipu ilinasa kitambaa, miwani na funguo vikamwagika sakafuni, na bastola ilipochomoka mdomo wake ulikuwa umemwelekea aliyeketi jirani. Tangu siku hiyo mimi hubeba kiunoni, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio.

Mwalimu alitueleza pia sheria ya jimbo ilikotoka. Mwezi Oktoba 1991, katika mkahawa mmoja mjini Killeen, mtu mwenye silaha aliua watu 23, wakiwemo wazazi wa Suzanna Gratia Hupp, ambaye bastola yake ilikuwa ndani ya gari kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumruhusu kuingia nayo. Mama huyo alitoa ushahidi wake mbele ya wabunge sehemu nyingi, na mwaka 1995 Gavana George W. Bush akatia saini sheria ya vibali.

Kutoka Columbus, Ohio

Ahsante mleta mada. Mimi naomba niwaonye walio kwenye viza za muda, kwa sababu hapa Ohio nako kibali kiliacha kuwa cha lazima mwezi Juni 2022, na wengi wakadhani mlango umefunguliwa kwa kila mtu. Nilipokuwa mwanafunzi nilifuatwa na kijana mmoja hadi mlangoni kwangu zaidi ya mara moja, na wenzangu wakanishauri ninunue bastola haraka. Mwanasheria wa msaada wa bure ndiye aliyenizuia. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, pamoja na asiye na hati, kuwa na silaha au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni ya uwindaji, na ruhusa ya jimbo haifuti katazo hilo. Mwenye ukaazi wa kudumu, wakiwemo waliokuja kwa bahati nasibu ya viza, hahusiki nalo. Dukani utajaza fomu namba 4473 inayouliza hali yako ya uhamiaji; kudanganya humo ni kosa la jinai, na kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani hata baada ya miaka mingi ya kuishi hapa. Nilinunua dawa ya pilipili, nikahamia ghorofa ya tatu, na chuo kikamwita yule kijana.

Kutoka Philadelphia

Mimi ninacho kibali cha Pennsylvania, lakini kazi yangu iko ng'ambo ya mto, New Jersey, ambako kibali hicho hakitambuliki kabisa. Wakazi wa huku tunakumbuka mama mmoja wa Philadelphia, mlezi wa watoto peke yake, aliyesimamishwa barabarani New Jersey mwaka 2013 na kumwambia askari mwenyewe, kwa nia njema, kwamba ana bastola na kibali. Alikamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka, hadi Gavana Chris Christie alipompa msamaha mwaka 2015. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi wa Juni 2022 dhidi ya New York uliondoa sharti la mwombaji kuthibitisha sababu maalumu, lakini haukufanya kibali cha jimbo moja kitambulike katika jimbo jingine. Matokeo yake, siku zote za kazi, ambazo ndizo ninazozihofia, bastola hubaki nyumbani kwenye sanduku la chuma.

Kutoka Minneapolis

Nawasoma kwa heshima, lakini ninyi nyote mnazungumzia mtu msiyemfahamu. Aliyenitisha mimi alikuwa na ufunguo wa nyumba, na bastola yoyote ambayo ningeileta ndani angejua ilipo kabla ya wiki kuisha. Nilichukua amri ya ulinzi mahakamani, nikabadilisha vitasa, nikakaa kwa muda kwenye nyumba ya hifadhi. Sheria ya shirikisho inamzuia aliyewekewa amri ya aina hiyo kumiliki silaha, na mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu iliithibitisha katika kesi ya Rahimi. Kwangu hiyo ndiyo sheria ya silaha iliyonisaidia. Isitoshe, naishi katika jimbo ambako Philando Castile, aliyekuwa na kibali halali, aliuawa na polisi mwaka 2016 mara tu baada ya kumjulisha askari kwamba ana silaha.

Kutoka Philadelphia

Dada wa Minneapolis, pole sana. Ila amri ya mahakama ni karatasi. Mwaka huo huo wa 2015, huko huko New Jersey, mwanamke aliyekuwa na amri kama yako aliuawa kwa kisu na mpenzi wake wa zamani nje ya nyumba yake, huku ombi lake la kununua bastola likiwa bado mezani kwa polisi baada ya muda wa kisheria kupita.

Kutoka Minneapolis

Namfahamu kwa habari zake, na sina jibu la kumfariji yeyote. Swali langu kwa mleta mada ni moja: ukisimamishwa na askari usiku, unafanya nini?

Mleta mada

Texas inamtaka mwenye kibali akionyeshe pamoja na kitambulisho pale askari anapoomba kitambulisho huku yeye amebeba silaha. Huzima gari, nikawasha taa ya ndani, nikashusha kioo na kuweka mikono yote miwili juu ya usukani. Leseni ya udereva na kibali navihifadhi kwenye kifuko cha kikinga jua, juu ya kioo cha mbele, ili nisilazimike kupeleka mkono kiunoni wakati askari ananitazama.