Kutwa moja Istanbul, nianzie wapi?

Wakuu, natoka Dar kwenda Ujerumani. Jumapili nitashinda Istanbul nikisubiri ndege ya usiku. Visa ninayo, begi dogo tu mgongoni. Nianzie wapi? Teksi ni lazima?

Jibu 1
Teksi ya nini mkuu? Uwanja mpya una metro, njia ya M11 hadi Gayrettepe, hapo unadaka njia ya M2 kwenda katikati ya mji. Nunua Istanbulkart, kadi ya nauli, kwenye mashine. Ndiyo hiyohiyo kwenye tramu na kivuko. Grand Bazaar, lile soko kubwa la kale, Jumapili hawafungui. Hagia Sophia, ule msikiti wa kale uliowahi kuwa kanisa, mtalii anatozwa euro 25 na anaishia ghorofa ya juu. Msikiti wa Bluu uko jirani tu, na ni bure.

Jibu 2
Mimi foleni za watalii huko ningeziacha. Panda kivuko Eminönü kwenda Kadıköy, kama dakika 20 umetoka Ulaya uko Asia. Kaa nje, agiza chai. Kibilauri hakina mkono, kishike ukingoni juu la sivyo utaungua. Watu hapo wanawarushia shakwe vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Wajanja hao ndege, wanadaka hewani!

Muulizaji
Nimewasoma. Na msosi?

Jibu 2
Ukirudi Eminönü, balık ekmek: samaki wa kuchoma ndani ya mkate. Limau kamulia nyingi.