Kitabu cha picha bila maneno: siku ya kawaida ichorwe vipi isiwe mahubiri?

Mwl_Awali: Habari wadau. Naandaa kitabu kisicho na neno hata moja kwa watoto wa miaka 5 hadi 6. Mtoto anakwenda bombani na mama, njiani anaona mazuri ambayo wakubwa wanayapita. Kwenye rasimu kila mtu anatabasamu, jua limewaka, lakini watoto wanafunua chapchapu na kurudisha. Kasoro iko wapi? Na kurasa nizipangeje? Nina A4 na mashine ya kopi isiyotoa rangi.

PenseliHB: Kasoro ni hayo matabasamu. Wote wakiwa na furaha tangu mwanzo hakuna kinachobadilika, na kitabu cha aina hii kinatembea kwa mabadiliko tu. Chora foleni, madumu na tope kama vilivyo. Kisha ficha kitu kimoja kila kurasa mbili zinazotazamana: kipepeo juu ya mfuniko wa dumu, ua kwenye ufa wa saruji pale bomba linapovuja. Mtoto akione, mama asikione. Katika kitabu kisicho na maneno *Sidewalk Flowers* cha JonArno Lawson na Sydney Smith (Kanada, 2015) mji ni wa kijivu, msichana amevaa jekundu, baba yuko kwenye simu. Msichana anachuma maua ya njiani, na anapoanza kuyagawa ndipo rangi inapoenea. Hakuna anayeambiwa afurahi.

Halafu usimbadilishie mtoto gauni katikati ya kitabu. Wasomaji watadhani ni mtoto mwingine.

Mshona_Vitabu: A4 nne zilizokunjwa kati ni kurasa 16. Upande mmoja wa karatasi, namba mbili za kurasa lazima zijumlike 17: 16 na 1, 2 na 15, hivyo hivyo mpaka 8 na 9. Kati ya kurasa zinazotazamana ndani, hiyo 8 na 9 ndiyo pekee iliyo kipande kimoja. Picha kubwa ikae hapo, kwingine mchoro utapishana kwenye mkunjo. Stepla ya kawaida haifiki katikati, kwa hiyo shona. Toboa matundu matatu, la kati na mengine sentimita 7 juu na chini yake. Uzi wa sentimita 50 utoke nje kwa tundu la kati, uingie la juu, utoke la chini, urudi la kati, kisha ufunge fundo ndani.

Watoto wa madrasa wanaweza kuanzia kulia, basi jalada la mbele lijulikane kwa kulitazama tu.

PenseliHB: Ukijaribisha, kaa kimya. Uliza tu, “Nini kimebadilika?” Anaporudi nyuma ukurasa mmoja, ama amependa ama amepotea, mwache aoneshe kwa kidole utajua.

Mwl_Awali: Asanteni. Dumu nilipake njano kabla ya kopi? Na 8 na 9 iwe foleni nzima?

Mshona_Vitabu: Paka baada ya kopi, kwa mkono, kitu kimoja tu. Njano ikipita mashineni hutoka karibu nyeupe. Na hapo kati weka lile ua, lijaze kurasa zote mbili. Foleni ionekane miguu tu.