Aiskrimu ipi kali: koni za baiskeli, kopo la supamaketi au barafu za ubuyu?

Mama Tariq
Wakuu habari za jumapili. Mwanangu anatimiza miaka 7 jumamosi ijayo na kagoma keki, anataka aiskrimu tu. Watoto watakuwa kama 25 hivi ukichanganya na wazazi wao wanaojifanya wamekuja kuleta mtoto halafu hawaondoki, na bajeti yangu sio ya kibopa. Nipo njia panda ya vitu vitatu. Nimwite yule kaka wa baiskeli ya Azam aje na boksi lake zima hapa getini, au ninunue makopo ya supamaketi zile lita mbili mbili (na hapo sijui nichukue za hapa hapa au za nje), au nigandishe mwenyewe barafu za ubuyu na ukwaju kama tulivyokuwa tunauza nyumbani Tanga. Na flava je? Vanila kila mtoto anakula ila mimi naionaga kama nakula hewa. Nipeni uzoefu wenu, msinitajie bei za Masaki tafadhali.

Mzee wa Rangi Tatu
Azam. Uzi ufungwe.

Jirani wa South B
Sasa wadau, nachangia kutoka Nairobi. Huku sisi tumekua na Dairyland, besdei bila hiyo ilikuwa kama harusi bila pilau, na mpaka leo mimi stroberi yao naipenda kuliko vanila ingawa mke wangu anasema nina ulimi wa mtoto. Halafu kuna Cold Stone, hao ni Wamarekani, wanakupigia aiskrimu juu ya jiwe la graniti lililogandishwa, wanakatakata biskuti na chokoleti ndani ukiangalia, raha tupu. Lakini hiyo ni ya kumpeleka mtu deti bwana, ukiwapeleka watoto 25 pale utauza shamba la babu. Kwa watu wengi ni kopo kubwa na vikombe vya karatasi, imeisha hiyo.

Fundi Friza
Mama Tariq mimi kazi yangu ni kutengeneza mafriza ya maduka, nikwambie kitu ambacho hakuna atakayekwambia dukani. Kabla hujauliza brandi uliza umeme. Aiskrimu inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, muda wote, sio mchana tu. Sasa umeme ukikatika masaa manne na duka halina jenereta, au lina jenereta ila mwenyewe anaona dizeli ghali, ile kitu inalainika, maji yanajitenga, umeme ukirudi inaganda tena lakini haigandi kama mwanzo, zile punje za barafu zinakuwa kubwa. Ndio unakula unasikia inakwaruza ulimi kama ina mchanga. Wiki iliyopita niliitwa duka moja hapa mjini, silitaji, nafungua friza nakuta makopo yameota barafu juu ya mifuniko kama ndevu za mzee, moja limebonyea upande limeganda hivyo hivyo limelala, na mteja yupo pembeni anachagua kwa rangi ya picha!

Kwa hiyo ukienda: bonyeza kopo kwa kidole gumba, likibonyea kirahisi achana nalo. Angalia kama juu kuna theluji nyingi, angalia kama limepinda. Nunua mwisho kabisa baada ya mchele na sabuni, funga na gazeti uwahi nyumbani. Kopo la bei ya kawaida lililotunzwa vizuri linaipiga kopo la ulaya lililoyeyuka mara tatu. Hii sio maoni, nimeilamba kazini miaka kumi na moja.

Mzee wa Rangi Tatu
Fundi kumbe unalamba mali za wateja 😂😂

Fundi Friza
Lazima nijaribu kama friza imepona mkuu.

Binti Darajani
Asalaam alaykum. Mie niko Maskati lakini kwetu Unguja, na kwetu hicho kitu tukikiita malai, hayo maaiskrimu tumekuja kuyajua ukubwani. Huku Omani kila mol utaikuta Baskin Robbins, ile yenye nambari 31 kwenye alama yake, maana yake ladha moja kwa kila siku ya mwezi. Mie nimeonja nyingi sana na nakwambieni ukweli wa Mungu, baada ya ile ya pistachio na ile ya karanga na chokoleti zilobaki ni sukari na rangi tu. Watoto wangu wao wanataka ile inolipukalipuka mdomoni, mie hiyo siigusi.

Halafu musidanganyike na majina. Häagen-Dazs mtu anadhani imetoka Denmark, haikutoka, mke na mume wa New York waliibuni hilo jina miaka ya sitini, halina maana yoyote kwa lugha yoyote. London Dairy nayo inatengenezwa Emirati hapa jirani yetu, London haiko. Sisemi mbaya, ya kwao ya pistachio tamu wallahi, nasema tu usilipie jina.

Mpima Mizani
Mama Tariq umesema vanila kama unakula hewa, hujui ulivyopatia. NI HEWA KWELI. Aiskrimu inauzwa kwa lita, sio kwa kilo, na inapopigwa kiwandani inaingizwa hewa. Ukiondoa hewa kabisa unapata jiwe la maziwa, kwa hiyo kiasi fulani lazima. Shida ni kiasi gani. Ya bei rahisi inaweza kuwa nusu hewa nusu aiskrimu. Mimi nilichukua mizani ya mke wangu ya keki nikapima: kopo la lita moja la bei poa (jina kapuni) halikufika hata gramu 550, halafu kale kakopo kadogo ka Häagen-Dazs ka mililita 460 kana gramu 400, yaani ungekafanya lita ni kama gramu 870. Nikapiga hesabu ya bei kwa gramu badala ya lita, tofauti ikapungua sana, haikuisha lakini, ya nje bado inauma.

Jaribio lingine weka kijiko cha kila moja kwenye sahani uende ukaoge. Ukirudi moja imekuwa maziwa mazito ya kunyweka, nyingine imebaki povu limesimama kama la sabuni ya kufulia. Chagua mwenyewe.

Na soma kibandiko. Marekani huwezi kuita kitu aiskrimu kama hakina mafuta ya maziwa angalau asilimia 10, sheria. Huku dukani mengine ukiyasoma kwa makini neno aiskrimu hulioni popote, wameandika tu kwamba ni kitu kitamu kilichogandishwa, ujue hapo maziwa yamepisha mafuta ya mimea. Sio sumu, ila usilipe bei ya ng'ombe kwa mchikichi.

Nshomile wa Bukoba
Naomba kuitetea vanila maana imetukanwa hapa na mimi nina mashina yake nyuma ya nyumba. Ninyi mnayokula kwa jina la vanila mara nyingi sio vanila, ni harufu ya kiwandani. Vanila yenyewe ua linafunguka asubuhi moja tu, ukichelewa limenyauka, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha kwa sababu asili yake ni Mexico, kwa hiyo mimi na mama yangu tunapita ua kwa ua na kijiti chembamba kama cha kuchokonolea meno, unainua kile kiutando unabonyeza kwa kidole. Ujuzi huo ulibuniwa na kijana mtumwa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, ana miaka 12! Mpaka leo Madagaska, Komoro, Uganda na sisi Kagera tunafanya hivyo hivyo. Halafu unasubiri tumba, yaani lile ganda refu la vanila, miezi tisa kama mimba, halafu kulikausha miezi tena, usiku unalinda wezi. Ndio maana ya kweli ni ghali. Na zile nukta nyeusi ndani ya aiskrimu ya vanila msiziamini sana, kuna wanaoweka unga wa maganda yaliyokwisha kukamuliwa, nukta zipo harufu hakuna. Chemsha tumba moja kwenye maziwa yako uone kama utasema tena ni hewa.

Dereva wa Scania
Mimi nimelamba barabara zote hizi mpaka Bujumbura. Sehemu ambayo sijaisahau ni Huye kule Rwanda, kuna duka wanaliita Inzozi Nziza, yaani ndoto njema, lilifunguliwa 2010 na wamama wapiga ngoma. Wamama wapiga ngoma wakauza aiskrimu! Nilikula nimesimama, lori linaunguruma nje. Flava sikumbuki, nakumbuka kijiko kilikuwa kidogo sana.

Bi Makorora
Mama Tariq mwanangu, umetoka Tanga halafu unauliza? Waache hao na mizani yao. Barafu za ubuyu watoto 25 unatoa na senti inabaki. Ila fanya hivi, wengi wanaharibu. Chukua unga mweupe wa ubuyu, sio ule wa kumung'unya uliopakwa rangi nyekundu, utatia midomo ya watoto wa watu damu. Loweka kwa maji vuguvugu, vuruga, chuja, kokwa na nyuzi zitoke. Tia sukari sasa hivi, iyeyuke, maziwa mwisho kabisa na yawe ya baridi, maana ubuyu mchachu ukikutana na maziwa ya moto yanakatika unabaki na mabonge. Mimi nusu ya maziwa naweka tui zito la nazi na iliki kidogo, hapo hata mkwe atasahau alichokuja kudai. Onja ikiwa na sukari zaidi ya unavyopenda, kwa sababu ikiganda utamu unapungua. Lakini usizidishe, sukari nyingi haigandi inabaki uji, na ndogo inakuwa jiwe la kuvunja jino. Ukwaju usiweke maziwa kabisa, weka tangawizi na chumvi ncha ya kidole.

Jirani wa South B
Bi Makorora naomba hiyo ya tui mara mbili, huku tuna mabuyu ya Mombasa tu yale ya rangi, nitatafuta unga.

Mzee wa Rangi Tatu
Mnaongea kemia, mtoto ana miaka 7. Mtoto anataka asikie ule mlio wa baiskeli unakuja unakuja halafu usimame KWAO. Hiyo ladha haipo kwenye friza ya mtu.

Mama Tariq
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimefanya yote mawili, makopo nimeyaacha, maana nilibonyeza matatu dukani kama fundi alivyosema na yote yalibonyea, muuzaji akaniuliza dada unanunua au unakanda. Barafu 60 za ubuyu na tui, ukwaju 30. Ijumaa saa mbili usiku umeme ukaenda, nikazikimbiza kwa jirani mwenye sola na ndoo ya nguo, zikapona, chache zimepinda. Kaka wa baiskeli alikuja saa tisa na mlio wake, mzee wa Rangi Tatu nakupa pointi, watoto waliruka uzio. Koni 25 za vanila zikaisha dakika kumi. Barafu za ubuyu zimemalizwa na BABA zao, mmoja amekula saba akaomba za kubeba.

Tatizo ni Tariq. Alificha koni moja ya bibi yake anayekuja jumatano, kaificha kwenye begi la shule ili isiliwe. Nimeigundua leo. Bi Makorora, begi linanuka maziwa yaliyochacha mpaka madaftari, nifanyeje?

Bi Makorora
Magadi mwanangu, na jua. Na umwambie mwenyewe ndiye afue.