Mjadala: Ardhi ya viwanda vya zamani Dar es Salaam iuzwe kwa mwenye dau kubwa, au ipangwe kuwa mtaa wa makazi na kazi?

Mtoa hoja:

Ndugu wanajamvi, maeneo ya viwanda ya Barabara ya Nyerere, pamoja na Ubungo kilipo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, yalipangwa wakati jiji likiwa dogo. Leo yamezungukwa na jiji lenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022, na baadhi ya viwanja vyake vimegeuka kuwa maghala na yadi za malori. Kiwanja cha aina hiyo kinapobadilishwa matumizi, je, kiende kwa mwenye fedha nyingi, au kipangwe kwanza kiwe na nyumba, biashara na karakana kwa pamoja? Mimi nasimama na jibu la pili, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni udongo. Kromiamu inayotumika kusindika ngozi, madini ya risasi ya betri na mafuta ya transfoma za zamani hubaki ardhini miaka mingi baada ya lango kufungwa. Sote tunajua kwamba bomba likikauka mtaa mzima hukimbilia kisima, na kisima kilichochimbwa kwenye ardhi ya namna hiyo kinaweza kumrudishia mkazi sumu ile ile ndani ya ndoo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kwamba mchafuzi hulipa. Kwa hiyo vipimo vifanyike kabla ya bei kutajwa, majibu yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na anayeondoka alipie usafishaji; tukisubiri mnunuzi aje kugundua mwenyewe, atamwaga zege juu yake na kuanza kuuza nyumba.

Sharti la pili ni mafundi. Mtazame seremala wa Keko: anahitaji umeme wa njia tatu kwa mashine ya randa, mlango mpana wa kupitisha kabati lililokamilika, na uso wa barabara ili mpita njia aone kitanda na kuuliza bei. Kwenye michoro mingi ya majengo mapya, chini kuna fremu za maduka zenye vioo zinazotaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Fundi hana nafasi humo, wala mama lishe anayewapikia mafundi hao, na mtaa usio na watu hawa siwezi kuuita endelevu hata ukijaa paneli za umeme wa jua.

Hamburg, jiji la Ujerumani lenye urafiki rasmi na Dar es Salaam tangu 2010, linajenga mtaa mpya wa HafenCity kwenye hekta zipatazo 157 zilizokuwa za bandari na viwanda. Huko jiji lilishika ardhi mkononi, likawapima wanunuzi kwa ubora wa mpango wao na si kwa dau peke yake, na aliyechaguliwa hupewa muda wa kusanifu kabla ya kukamilisha ununuzi.

Mchangiaji:

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini, lakini Hamburg ina hazina ambayo halmashauri zetu hazina. Dau kubwa likipatikana mjini, fedha zake zinaweza kujenga mifereji na barabara Chanika na Mbagala, wanakoishi wananchi wengi wa kipato cha chini. Pia tusisahau Kigamboni, ambako kuanzia 2008 wananchi walizuiwa kuendeleza maeneo yao kupisha mji mpya, wakakaa miaka bila kujua hatima yao. Na ukiweka nyumba kando ya karakana, baada ya muda mfupi wakazi watalalamikia kelele, na atakayehamishwa ni fundi.

Mtoa hoja:

Ahsante, ndugu yangu. Hoja ya kelele ina uzito: randa na vanishi zisikae chini ya vyumba vya kulala, bali karakana zipangwe mstari wake upande wa barabara kuu, na haki yao ya kufanya kazi iandikwe kwenye masharti ya hati kabla mkazi wa kwanza hajahamia.

Kuhusu fedha, sikubaliani nawe. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hatimiliki haizidi miaka 99. Serikali inaweza kuweka masharti, na kodi ya ardhi huingia kila mwaka. Isitoshe, thamani ya viwanja vya Barabara ya Nyerere imepandishwa pia na njia ya mwendokasi iliyojengwa kwa fedha za umma. Si haki faida hiyo imwendee mwenye kiwanja peke yake, wakati mfanyakazi wa Chanika anaendelea kupanda magari mawili kwenda kazini. Mradi wa nyumba za serikali wa Magomeni Kota umeonyesha kwamba nia ikiwepo fedha hupatikana, kwani kaya 644 zilirejeshwa katikati ya jiji mwaka 2022, ingawa baada ya kusubiri takribani muongo mzima. Kigamboni lilikuwa suala la makazi ya maelfu ya watu; hapa tunazungumzia viwanja vyenye uzio na mmiliki anayejulikana.

Panaponitatiza bado ni umiliki wa karakana zenyewe. Sheria ya 2008 inaruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake, nami naelekea kwenye ushirika wa mafundi kuliko halmashauri, kwa sababu mpangaji wa halmashauri anaweza kupandishiwa kodi wakati wowote. Lakini ushirika nao unaweza kuuzwa na viongozi wake. Wenye uzoefu wa vyama vya ushirika, sharti gani liwekwe kwenye hati ili karakana isigeuzwe fremu?