Mafundi wa pampu, gepu la koili halipimwi kwa macho!

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, namwagilia kwa pampu ya injini ya petroli ya GX160. Ilipoanza kusumbua kuwaka nikaipeleka kwa fundi. Akavuta kamba mara mbili, akasema koili, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, imekufa. Nikanunua koili, akaifunga, nikamlipa. Kesho yake shambani nimevuta kamba mpaka bega likauma, kimya. Nikarudi. Sasa ikawa kabureta; nikanunua kabureta. Bado. Safari ya tatu akanitoza hela ya kusafisha platini, vile vibati vya kukata na kuunga umeme wa cheche.

Jamani, injini hii haina platini! Koili yake ni ya transista, kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo, hakuna platini ya kusafisha humo. Mtu kanitazama usoni akapokea hela ya kifaa ambacho hakipo. Siku nne vitunguu havikupata maji, navyo ndiyo vinanenepa. Ncha za majani zimeshakuwa njano.

Jana nikafungua mwenyewe. Nikatoa kava, nikazungusha flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, mpaka sumaku zikakaa mbele ya koili. Mguu mmoja wa koili umekwaruzwa mpaka chuma kinang'aa, flaiwili ilikuwa inausugua. Mguu wa pili uko mbali, nikapitisha kadi ya benki ikapita inacheza. Kadi ya benki ni karibu milimita 0.8! Injini hii inataka gepu (nafasi kati ya koili na flaiwili) la 0.4, ikipungua sana iwe 0.2, ikizidi sana 0.6. Yaani koili imefungwa upande, na aliyeifunga hakuweka hata kipande cha karatasi katikati.

Hili si jambo dogo. Unapovuta kamba, flaiwili inazunguka taratibu, umeme unaozalishwa ni kidogo. Ukiisogeza koili mbali na sumaku, cheche inafika kwenye plagi haina nguvu au haifiki kabisa. Basi mwenye pampu anauziwa plagi, koili, kabureta, na tatizo liko pale pale.

Mimi sina fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia gepu. Nilichukua karatasi ya fotokopi, nikaikunja mara mbili ikawa tabaka nne, ambazo ni kama milimita 0.4. Nikalegeza bolti mbili za koili kwa spana namba 10, nikachomeka karatasi ikafunika miguu yote miwili, nikaiachia koili ivutwe na sumaku, nikakaza. Nikazungusha flaiwili, karatasi ikatoka. Nikazungusha tena nikisikiliza kama kuna mkwaruzo, hakuna. Mvuto wa pili ikawaka.

Dakika ishirini, karatasi moja! Wewe una karakana, vijana wanakuita mwalimu, halafu fila geji huna?

Koili yangu ya zamani fundi alibaki nayo. Kama ilikufa kweli au ilikuwa imelegea tu, siwezi kujua mpaka niifunge kwa gepu lake. Kesho asubuhi naenda kuidai, pamoja na hela ya platini.