Ushauri wa haraka wakuu: mfumo mpya wa SACCOS unaanza Jumatatu, seva ofisini au klaudi?

Mtunza_Funguo (mleta mada)
Wakuu, heshima mbele. SACCOS yetu ina wanachama 1,840. Miaka yote tumekwenda na Excel na madaftari. Sasa mfumo umeshanunuliwa, uzinduzi Jumatatu. Tuweke seva yetu ofisini au tukodi klaudi, yaani seva za kampuni kupitia intaneti? Halafu maafisa mikopo wawili wanaugomea, kila ukigeuka wamerudi kwenye daftari. Matusi hapana, tafadhali.

Umeme_Umekatika
Klaudi. Seva ya ofisini inataka UPS (betri ya kushika umeme ukikatika), kiyoyozi na mtu wa kuilea. Chukueni laini mbili za intaneti za kampuni tofauti ili moja ikianguka kaunta isisimame. Nakala rudufu ya data kila usiku, na mara moja kwa mwezi ijaribuni kwa kuirudisha kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu. Na mjisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ni ya 2022. Data zikikaa nje ya nchi kuna masharti yake.

Dume_la_Nyuki
Hao wawili wapelekwe mapokezi wakagawe maji. Kesho yake watajua kubofya.

Leja_Kuu
Mkuu, seva siyo shida yako. Ukijumlisha salio la mkopo la mwanachama mmoja mmoja, unapata ile iliyoko leja kuu, yaani kitabu kikuu cha hesabu za chama?

Mtunza_Funguo
Hesabu zinashughulikiwa na wahusika. Nimeuliza seva.

Leja_Kuu
Kwa hiyo hazilingani. Weka namba hapa.

Mtunza_Funguo
Haya. Excel ya wanachama 612,400,000. Leja kuu 571,270,000. Tofauti 41,130,000. Lakini mzabuni ameshalipwa 70%, mgeni rasmi kaalikwa, na kamati imeridhia tofauti ikae kwenye akaunti ya muda mpaka mkaguzi aje. Kurudi nyuma haiwezekani.

Mama_Urari
Akaunti ya muda ni ya laki mbili iliyoingia bila namba ya mwanachama, siyo ya milioni 41. Anzeni na njia za zamani. Gawa tofauti kwa 2: 20,565,000. Kuna muamala wa kiasi hicho ulioandikwa debiti badala ya krediti? Gawa kwa 9: 4,570,000, inagawanyika bila baki, dalili ya tarakimu kupishana, kama 540 kuandikwa 450. Ila kwa kosa moja la tarakimu, hii ni kubwa mno.

Mzee_wa_Busara
Sisi ndivyo tulivyo. Keki inaagizwa kabla ya mtoto kuzaliwa. Kila ofisi ina kompyuta ya kuwekea kitambaa cha kufuma.

Leja_Kuu
Mikopo yenu ni ya aina gani?

Mtunza_Funguo
Aina moja tu. Miezi 12, riba 12% kwa mwaka, inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo.

Leja_Kuu
Basi jibu hilo hapo. Mtu akikopa 1,200,000, riba ni 144,000, rejesho ni 112,000 kwa mwezi. Leja kuu inaonyesha mtaji peke yake, yaani pesa iliyokopwa bila riba. Ukiandika 1,344,000 kama salio la mwanachama, umeshahesabu riba ambayo muda wake haujafika. Kila rejesho lina mtaji na riba kwa uwiano uleule, kwa hiyo hata mkopo ukiwa katikati ziada inabaki 12%. Mikopo yote ingeandikwa hivyo, tofauti yenu ingekuwa 68,552,400. Mna 41,130,000, karibu 60% yake. Maafisa wako wawili hawaandiki salio kwa njia moja.

Dume_la_Nyuki
Asilimia 60, karibu kamili? Wakuu, hii chai, leteni chapati. Huyu ni mwanachuo, kesho ana kuwasilisha. Maisha halisi hayatoi namba safi hivyo.

Mama_Urari
Na mimi nilianza kunusa mtihani.

Mtunza_Funguo
Mtihani gani una namba za simu zilizokatwa sifuri na Excel? Ndiyo, mmoja anaandika na riba, mwingine mtaji mtupu. Ndiyo maana hawaachi madaftari, kila mmoja analiamini lake. Na kuna jambo sikulisema: Ijumaa tumetuma meseji za salio kwa wanachama wote. Zilifika kwa wale ambao namba zao za simu bado zina sifuri.

Mama_Urari
Uzi ulitakiwa uanzie hapo.

Leja_Kuu
Sikiliza sasa. Jumatatu fungueni hisa na akiba tu, kama leja zake zinalingana. Mikopo ingoje mwisho wa mwezi. Kwenye Excel ongezeni safu tatu: mtaji uliobaki, riba iliyofikia muda, riba ambayo bado. Ya mwanzo ndiyo ilingane na leja kuu, hadi shilingi. Safu ya simu iwekeni kama maandishi, zianze na 255. Mzabuni mwambie akuonyeshe mfumo umewekwa riba ipi: ukiwekewa ya salio linalopungua, mtaji ukilipwa sawa kila mwezi, ule mkopo wa 1,200,000 unalipiwa riba 78,000 badala ya 144,000, na wanachama watashangilia mpaka mkutano mkuu. Malipo ya simu nayo, namba ya muamala isikubalike mara mbili, maana ujumbe wa malipo hurudiwa mtandao ukisuasua na rejesho moja linaandikwa mawili. Daftari liende sambamba na mfumo miezi miwili, mlinganishe kila jioni.

Umeme_Umekatika
Na meseji ya masahihisho itoke kabla ya Jumatatu. Iseme mtaji kiasi gani, riba kiasi gani.

Dume_la_Nyuki
Hiyo 70% mlipewa risiti ya EFD?

Mtunza_Funguo
Hilo tuliache. Mwenyekiti anauliza, kama mikopo imefungwa, mgeni rasmi atabonyeza nini?

Mama_Urari
Aweke akiba yake. Elfu kumi inatosha, na namba ya muamala mwangalie imeingia mara moja.