Kivuko cha Kigamboni: tuongeze pantoni, au tutengeneze njia ya kuifikia?

Mama wa Pasua, Moshi:
Habari zenu. Binti yangu amehamia Kigamboni, Dar es Salaam, kikazi, nami kila ninapokwenda kumtembelea hushuka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nikapanda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Kivukoni, na hapo navuka kwa pantoni. Majini ni dakika chache tu. Mara ya mwisho nilifika Feri, pale pantoni zinapotia nanga, jioni wakati watu wanatoka kazini, na safari ndefu kuliko zote ikawa ile ya kutoka kituo cha mwendokasi hadi kuikanyaga pantoni, nikiwa na mkungu wa ndizi, katikati ya mikokoteni ya samaki, bodaboda na foleni ya magari. Watu wanazidi kuhamia Kigamboni, na kila mjadala ninaousikia ni wa kuongeza vyombo. Je, njia ya kuvifikia haistahili kutangulia?

Kijana wa Rau:
Shikamoo mama. Niliishi Kigamboni miaka minne na ninakubaliana nawe. Pantoni haileti watu kidogo kidogo kama daladala: MV Kigamboni ina uwezo wa kubeba abiria 800 na MV Magogoni 2,000, na wote hushuka kwa pamoja, wakakutana uso kwa uso na wanaosubiri kupanda. Upande wa Kigamboni ndiko kulikonishinda zaidi, kwa sababu umati huo wote hugombea daladala za Kibada na Mjimwema ambazo kila moja hujaa kwa watu wachache. Mvua ikinyesha, hakuna anayekubali kutoka chini ya paa, na wa nyuma hawapati pa kupita. Kwa maoni yangu, njia ya waenda kwa miguu yenye paa, iliyotengwa kabisa na magari, ingesaidia kabla hata ya chombo kipya.

Fundi Barabara, Soweto:
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Chombo kimoja kikienda matengenezo, hata njia iliyosakafiwa kwa marumaru itakupeleka kwenye foleni tu. Mimi ningeanza na magari. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa mita 680, na lilikusudiwa kuyapunguza magari pale Feri, lakini mwenye gari akikumbuka tozo ya daraja na mzunguko wa Kurasini, anarudi kwenye pantoni. Abiria wa miguu naye hawezi kutembea kutoka Posta hadi darajani. Daladala za kutoka katikati ya mji hadi Kigamboni kupitia darajani zikiwa nyingi na za uhakika, baadhi ya wanaosongamana Feri watahamia huko wenyewe.

Mama wa Pasua, Moshi:
Marahaba mwanangu wa Rau. Fundi, la magari nimelielewa, ila la njia bado naling'ang'ania. Hapa kwetu kila Desemba watu wanaporudi nyumbani, mabasi huongezwa usiku na mchana, na bado msongamano huwa mlangoni mwa stendi, pale vifodi (magari madogo ya abiria), teksi na wapokeaji wageni wanapogombea lango moja. Basi la ziada huongeza tu wanaosukumana pale. Hata hivyo, mwezi ujao nitavuka kwa daladala ya darajani, na nitaihesabu saa kuanzia Kimara.